The Cure v Troxy: tathmini ya kibanda umiza kimoja cha Mbeya

Mimi si mtu wa mpira. Nimezaliwa Mbeya, nimekulia Mbeya, nina miaka 43 na cherehani mbili, na kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea mpira, nilikuwa nakijua kwa nje tu: kelele za Jumamosi jioni, bodaboda zimejipanga mlangoni, na wanaume wazima wanatoka wamenuna kama wamefiwa. Kwa hiyo tathmini hii ichukuliwe kama ilivyo. Ni ya mteja aliyeingia humo mara moja, Ijumaa ya tarehe 1 Novemba 2024 saa nne na nusu usiku, akatoka saa nane na kitu hana sauti.

Kibanda chenyewe kiko kati ya Mafiati na Mwanjelwa, nyuma kidogo ya barabara kuu iendayo Tunduma. Jina silitaji, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na mwenyewe ni jirani.

Nilikikodi usiku mzima. Mama mwenye kibanda alianzia 50,000, tukashushana mpaka 35,000, bando juu yangu, mafuta ya jenereta juu yake. Kwa usiku wa manane naona ni bei ya haki. Nilipompelekea nusu ya hela akauliza:

"Mnaangalia nini lakini, mama?"

"Muziki. Wazungu."

"Wa kanisani?"

Nikamwambia si wa kanisani, ila una majonzi kama ya kanisani. Akaridhika, akaweka hela kwenye kanga.

Shida ilianzia kwa kijana wake anayeshika mitambo. Alitaka jina la kuandika ubaoni, nikamwambia kwa simu, huku nina pini mdomoni na mteja mbele yangu: The Cure, Troxy, London, saa tano usiku. Ijumaa nafika nakuta ubao umeandikwa kwa chaki nyeupe, herufi kubwa nzuri kabisa: LEO SAA 5 USIKU, THE CURE v TROXY, NJOO MAPEMA. Vijana wawili walikuwa wameshalipa buku buku wameketi mbele. Mmoja akanifuata na simu mkononi, ana wasiwasi wa kweli. "Shikamoo mama. Hivi hawa Troxy wako ligi gani? Kwenye mkeka wa kubeti siwaoni."

Basi nikae nao, niwaeleze. Naeleza na hapa kwa ambaye hajui.

Troxy si timu. Ni ukumbi wa mashariki mwa London, ulijengwa 1933 kama jumba la sinema, baadaye ukawa wa bingo, sasa ni wa muziki, unaingiza watu kama 3,000. Yaani kwa asili nao ni banda la kuonyeshea picha kama hili tulilokaa, ila lenye dari. Neno dari tutalirudia. The Cure ndiyo bendi. Walianzia Crawley, mji ulio kusini ya London, mwishoni mwa miaka ya sabini, na albamu yao ya kwanza ni ya 1979. Wachambuzi huuita muziki wao posti-panki, na upande wake wa giza gothiki, ingawa kiongozi wao, Robert Smith, jina hilo la gothiki hajawahi kulipenda. Wapiga gitaa wameingia na kutoka, wapiga ngoma wameingia na kutoka, yeye yupo. Siku hiyohiyo ya tarehe 1 walikuwa wametoa albamu mpya, ya kwanza baada ya miaka 16, wakaamua kuipiga yote jukwaani pale Troxy na kuirusha bure YouTube dunia nzima. Saa mbili usiku kwao, saa tano kwetu.

"Kwa hiyo hakuna mechi," akasema kijana.

"Hakuna."

Mmoja akaenda kudai buku lake, akarudishiwa bila maneno. Hapo kibanda nakipa alama zake. Yule wa mkeka akasema ameshakaa, nje kuna baridi, ataangalia dakika tano.

Sasa mtu atauliza fundi cherehani wa Mbeya amekutana wapi na watu hawa. Nimekutana nao kwenye mitumba. Mwaka 2003, soko la Mwanjelwa la zamani, lile lililokuja kuungua, nilichambua robota nikatoa fulana nyeusi yenye maandishi ya The Cure kifuani na orodha ya miji mgongoni, ziara ya 1992. Niliinunua kwa ajili ya kitambaa. Pamba nzito, kola haijalegea, mshono wa bega umetiwa utepe kwa ndani ili usivutike. Fulana ya miaka kumi na moja, imetoka ng'ambo, imebanwa kwenye robota, na rangi bado nyeusi kama masizi ya jiko. Nikaivaa miaka mitatu bila kujua The Cure ni dawa, ni kanisa au ni kampuni ya saruji.

Siku moja akaja mzungu wa pikipiki, mtu mzima, anasafiri kutoka Nairobi kwenda chini kabisa Cape Town. Zipu ya jaketi lake ilikuwa imekufa. Nimekaa nang'oa meno ya zipu ya zamani, nainua kichwa, namwona anatazama kifua changu, nikataka kumpa maneno. Kumbe anasoma fulana. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza na Kiingereza changu cha kidato cha nne tulielewana hivi: yeye amewaona hao watu wakipiga, mara 12. Nikadhani anasema kwenye televisheni. Hapana, kwa macho yake, amelipa, amesafiri, amesimama. Nikamuuliza kuna nini cha kuona mara 12 kwa watu walewale? Akasema hawapigi mpangilio uleule, hujui leo watatoa upi kwenye kabati, na wakianza hawana haraka ya kwenda kulala. Alilipa 1,500 ya zipu, na juu yake akaniachia kaseti aliyorekodi mwenyewe ya albamu yao ya 1989. Kaseti ile ilisikilizwa kwenye redio ya kibandani kwangu mpaka utepe ukaanza kuliwa, nikaurudisha kwa penseli, ukaliwa tena.

Mambo ya zipu yamepita, ila jibu lake la mara 12 halikunitoka. Huku kwetu anayelielewa ni mzee wa Msondo. Msondo Ngoma, bendi ya dansi, walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, na wapo wazee wa Dar wanaoweza kukuambia Jumapili fulani ya mwaka fulani solo alipiga nani na alikosea wapi. Hao ukiwaambia kaseti inatosha watakuona mtoto.

Mwaka 2019, mwezi wa tatu, The Cure walifika Afrika Kusini. Niliposikia nilipiga hesabu kwenye daftari la vipimo, ukurasa mzima: basi Mbeya hadi Tunduma, kuvuka Nakonde, Lusaka, Harare, Johannesburg. Barabara inapita hapa hapa mlangoni kwangu, malori ya huko nayaona kila siku yamelala Uyole yanasubiri kukuche. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa imekwisha muda, mama akaugua, na msimu wa sare za shule ulikuwa haujanilipa. Hesabu ile bado ipo kwenye daftari, katikati ya kiuno cha bibi harusi na mikono ya kwaya.

Ndiyo maana niliposikia habari za Troxy sikutaka kuangalia kwenye kioo cha simu kitandani. Nilitaka kukaa na watu.

Tulikuwa tisa. Mimi. Mdogo wangu, ambaye hupiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu ya Moravian. Wanakwaya wenzangu wawili wa sauti ya kwanza niliowadanganya kidogo kuhusu aina ya muziki. Mwalimu mmoja wa fizikia. Mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya, aliyepaka wanja kabisa, nikampenda hapohapo. Dereva wa lori aliyewahi kukaa Johannesburg, yeye ndiye pekee aliyekuwa anazijua nyimbo kunizidi. Kijana wa mkeka. Na bodaboda wangu, ambaye nilimwambia aje saa nane akaona bora asubiri ndani.

Tuanze na skrini. Ni shuka jeupe, safi, limepigwa pasi, na nampongeza mama kwa hilo. Lakini ni mashuka mawili ya futi nne yaliyoungwa katikati, na aliyeyaunga hakulaza mshono. Ukawa umesimama kama mtaro kutoka juu hadi chini, na kwa bahati mbaya mwongoza kamera za Troxy alipenda sana kumweka Robert Smith katikati ya picha. Usiku mzima mzee wa watu amepasuliwa uso, jicho moja kushoto, jicho jingine kulia. Wengine hawakuona. Mimi sikuweza kuona kitu kingine kwa nusu saa ya mwanzo.

Na uso wenyewe unahitaji maelezo. Robert Smith ana miaka 65 siku hiyo. Nywele zimesimama kama kiota cha kunguru, wanja mzito, rangi ya mdomo imevuka mipaka ya mdomo, shati jeusi pana la kufaa watu wawili. Alipotokea, kijana wa mkeka akasema kwa sauti ya heshima kabisa, "Mzee ndiyo kaamka saa hii?" Tukacheka. Baadaye hakuna aliyecheka tena, na nitafika huko.

Wimbo wa kwanza ndio uleule unaofungua albamu mpya. Una dakika tatu na zaidi za ala tupu kabla mtu hajafungua mdomo. Tatu! Kinanda kimetanda, ngoma zinatembea mwendo wa jeneza, magitaa yanalia, na mwimbaji anazunguka polepole jukwaani akiwatazama waliokuja, bila haraka, kama mwenye shughuli anayehakikisha wageni wote wamepata viti. Kwenye kibanda chetu wasiwasi ukapanda. Mama mwenye kibanda akatoka nyuma na tochi. "Mama, mbona haimbi? Maiki yao imezima au ni spika zangu?" Kijana wa mitambo naye ameshaanza kuchomoa waya. Dereva wa lori akawatuliza, "Ngojeni. Ataimba akiona vema." Sauti ilipoingia, ikaingia ileile ya kwenye kaseti yangu ya 1989, haikuchakaa. Mwanakwaya mwenzangu, ambaye ni mkali wa sauti kuliko mwalimu wetu wa kwaya, akanong'ona, "Huyu mzee anajitunza koo."

Sauti ya kibanda sasa. Spika mbili kubwa na sabufa moja ya kuogopwa. Kijana alikuwa ameiseti kwa mpira na singeli, yaani besi imejazwa mpaka kifua kinatetemeka, na kila kitu kingine kimezama. Kwa bendi nyingine hilo lingekuwa kosa dogo, ila kwa The Cure ni kosa lenye maajabu yake, kwa sababu besi ndiyo imebeba nyimbo. Simon Gallup, aliyeingia kundini muda mfupi baada ya albamu ya kwanza, analining'iniza gitaa lake karibu na magoti, anakunja mgongo, na anapiga mistari ambayo bendi nyingine ingempa mwimbaji. Mdogo wangu alisogea mbele mpaka pua karibu iguse shuka. "Dada, huku kwetu besi inasindikiza. Huyu ndiye anayeimba, yule mwenye nywele anamjibu." Akaenda kwa kijana wa mitambo, wakaongea lugha yao, wakapunguza sabufa na kupandisha spika za juu, na kuanzia hapo tulisikia vizuri. Kijana hakuona aibu kufundishwa. Nimekutana na mafundi wa sherehe za laki tano wenye kiburi kuliko yeye.

Wimbo wa sita Robert Smith aliuandika kwa ajili ya kaka yake aliyefariki. Nilikuwa nimesoma hilo, sikuwa nimewaambia wengine. Kaka yetu mkubwa tulimzika Tukuyu mwaka 2021. Mdogo wangu Kiingereza chake ni kidogo kuliko changu, lakini kinanda kilipoanza, noti chache zilezile zinarudi na kurudi, alitoka akaenda kusimama mlangoni kuangalia mvua ikijikusanya. Sikumfuata. Aliporudi akaniomba andazi.

Mvua, ndiyo. Nimesema tutarudi kwenye dari. Kibanda hiki hakina. Ni bati tupu juu ya mbao, na Mbeya mwezi wa kumi na moja mnaijua, mawingu yanatelemka mlima Loleza bila taarifa. Walimaliza albamu mpya, nyimbo nane, wakaanza sehemu ya pili kwa wimbo wa 1989 unaofungua ile kaseti yangu, ambao maneno yake ya kwanza yanataja giza na mvua. Sitanii: hapo hapo ikashuka. Kwa nusu dakika niliona ni baraka, nikawaza mzungu wa zipu angeona hili. Kisha ikawa mvua ya kweli, na kwa muda wa nyimbo mbili hatukusikia kitu isipokuwa bati. Robert anafungua mdomo, bati linajibu. Mama mwenye kibanda alisema siku za mpira haimsumbui mtu, mabao yanaonekana. Kwa muziki, mama, weka hata maturubai na maboksi ya mayai. Nimemwambia mwenyewe.

Mabenchi hayana migongo. Saa tatu kwenye mbao, mwenye kiuno kama changu aje na kanga ya kukunja aikalie. Chai ya tangawizi ilikuwa kali na ya moto, kikombe 300, maandazi 200, na yaliisha saa sita, ambapo Waingereza walikuwa hawajafika hata nusu. Choo kiko nje, njia ina tope, chukua tochi.

Umeme ulikatika mara moja, karibu saa saba, wakati wanaelekea kufunga sehemu ile ya pili. Jenereta liliwaka baada ya dakika nne hivi. Mwalimu wa fizikia alihesabu, na alikuwa mwema akaishika simu yake gizani kila mtu asikie sauti angalau. Watu tisa tumezunguka simu moja kama wazee wanaosikiliza taarifa ya habari ya zamani. Umeme si kosa la mama. Ila jenereta limewekwa nyuma ya ukuta wa shuka, na muungurumo wake ulikaa nasi mpaka mwisho, noti moja ya chini isiyobadilika. Mwanafunzi wa MUST alisema umeongeza ladha. Vijana.

Nataka kukaa kidogo kwenye kilichofuata, maana ndicho nilichokilipia.

Walitoka jukwaani, wakarudi na nyimbo tano za albamu ya 1980. Mmojawapo una kipande cha kinanda chepesi, hakina maneno, kinapanda na kushuka. Kwenye rekodi kinapigwa na kinanda. Jukwaani, mashabiki walishakinyakua zamani, tangu nikiwa msichana: wakisikia gitaa linaanza wanakiimba wao, "o-o-o", ukumbi mzima, kwa nguvu kuliko kinanda chenyewe. Hakuna aliyewaambia waimbe. Si kiitikio, si maneno. Wameamua tu kuwa sehemu ile ni yao, wakafundishana, na aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ana mjukuu na bado anaimba kipande cha kinanda. Pale Troxy wakakiimba. Raundi ya pili, wanakwaya wangu wawili, waliokuwa wamejifunga vitenge mpaka kidevuni wakiniangalia vibaya tangu saa tano, wakakidaka. Mtu wa sauti ya kwanza ukimpa mstari mzuri usio na maneno huwezi kumzuia. Mimi nikashuka nikachukua sauti ya tatu kama tunavyogawana Jumapili, dereva wa lori akaunguruma chini, na raundi ya nne kibanda kizima kilikuwa kinaimba pamoja na London, sisi tumechelewa nusu sekunde kwa sababu ya mtandao, na jenereta linashika besi.

Kisha ukaja ule wa msitu. Jina lake ni A Forest, na bodaboda wangu anayekaa mtaa wa Forest ya Zamani alipoambiwa maana yake akataka kujua kama walishafika. Wimbo huu jukwaani hauishi unapoisha. Magitaa yananyamaza, ngoma zinakata, anabaki Gallup na besi yake, na watu wanapiga makofi kwa mdundo mpaka noti ya mwisho. Mdogo wangu hakupiga makofi. Alikuwa anachezesha vidole vya kushoto hewani, anaiba.

Sehemu ya mwisho ni nyimbo sita za kuchezeka, kwa sababu watu hawa wana pande mbili na wanaojua giza lao tu wamepunjwa. Kijana wa mkeka, yule wa dakika tano, alikuwa amesimama. Ulipofika wimbo wa Ijumaa akanigeukia. "Mama, anasema Friday? Ijumaa?" Nikamwambia ndiyo. "Na leo Ijumaa!" Kwa saa za London ni kweli, kwetu Jumamosi ilikuwa na saa yake na nusu, lakini nani amharibie mtu furaha. Alicheza na mwanafunzi wa wanja mpaka benchi likaanguka. Wakafunga na wimbo wao wa 1979 unaosema wavulana hawalii, na dereva wa lori, mtu wa kilo mia, aliimba kila neno akiangalia juu kwenye bati.

Nilikuwa nachora vijiti kwenye daftari la vipimo, kimoja kwa kila wimbo, kila cha tano kinakata vinne. Jumla 31. Muziki wa karibu saa tatu nzima, na hakuna aliyedaiwa hela YouTube. Baba yangu alilima viazi Umalila na neno alilolichukia kuliko yote ni lumbesa, gunia linalojazwa mpaka lifungwe kilemba cha kamba juu, mkulima anaumia, mnunuzi anachekelea. Maishani sijawahi kuona muuzaji anayejifungia lumbesa mwenyewe na kumpa mnunuzi, mpaka nilipowaona hawa. Na si jukwaani tu. Mwaka 2023, kwenye ziara ya Marekani, walitaka tiketi nyingine ziwe za dola 20 tu ili mtu wa kawaida aingie. Kampuni ya tiketi ikabandika ada juu yake mpaka zikakaribia au kupita bei ya tiketi yenyewe. Robert Smith alilalamika hadharani, kwa herufi kubwa tupu kama anavyoandika siku zote, na kampuni ikarudisha dola 5 kwa wengine, dola 10 kwa wale wa tiketi za bei ya chini. Mfanyabiashara mwenzangu, jiulize lini umemgombea mteja wako chenji.

Kwa kibanda, basi: bei nzuri, mama muungwana, kijana anayefundishika, chai njema, dari hakuna, migongo ya benchi hakuna, jenereta lihamishwe. Ukitaka kuangalia jambo lako lisilo mpira, nenda wiki kavu, peleka bando lako usiwategemee, na mwambie kijana jina la unachoangalia ana kwa ana, si kwa simu. Shuka nililichukua Jumatatu iliyofuata, nikalifumua na kuliunga upya kwa mshono wa kulazwa kama wa jinsi, bure. Sasa halionekani lilipoungwa hata ukisimama hatua mbili.

Jumamosi asubuhi nilipita kuchukua chupa yangu ya chai niliyoisahau. Kibanda kimefungwa, mama bado amelala na namwelewa. Ubao ulikuwa nje, umefutwa nusu. Kijana alikuwa ameuliza kuhusu vijiti vyangu usiku ule, nikadhani anauliza tu. Kwa herufi zilezile nzuri: MATOKEO, THE CURE 31, TROXY 0. Na chini yake kwa chaki ya njano, kidogo kidogo ili nafasi itoshe, marudiano yatatangazwa.